Barua ya wazi kwa wasimamizi wa ngumi: msipange mapambano kwa hadithi za jimu

Kwa viongozi wa kamisheni ya ngumi za kulipwa, viongozi wa shirikisho la ngumi za ridhaa, na Baraza la Michezo la Taifa.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa ngumi, upande wa Temeke. Nimecheza mwenyewe enzi zangu, nikaacha, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kushika padi, kufunga bandeji za mikono na kubonyeza saa. Sina cheo popote. Nawaandikia juu ya jambo ambalo halimo kwenye faili lenu lolote, kwa sababu halijawahi kuandikwa na mtu. Ni yale yanayosimuliwa kwamba yametokea kwenye sparingi, yale mapigano ya mazoezi ya bondia na bondia ndani ya jimu.

Hadithi hizi mnazijua. "Yule dogo alimlaza fulani jimu." "Bingwa alichapwa na mtoto wa sekondari, hakurudi tena." "Walimu wanaficha tu, lakini huyo kijana hakuna anayekubali kuingia naye." Kila mtaa wenye begi la mazoezi una kijana wake wa namna hiyo. Ombi langu ni kwamba mzitilie shaka hadithi hizo, na msikubali tena pambano lipitishwe kwa nguvu yake.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumanne jioni, msimu wa masika. Jimu yetu wakati huo ilikuwa ukumbi wa mabati, na bati la juu ya kona ya kushoto ya ulingo lilikuwa linavuja. Tulikuwa tunakinga ndoo. Sparingi ikianza ndoo inaondolewa, maji yanadondokea kwenye turubai. Siku hiyo alitutembelea bondia mmoja mwenye jina, mtu wa kilo 72, anajiandaa na pambano la raundi 10 lililobakiza wiki tatu. Mwalimu wake alikuwa anatafuta vijana wepesi wa miguu ili bondia wake azoee kufunga njia na kumbana mtu kwenye kona. Akamwambia mbele yangu, "Usipige kichwa kwa nguvu. Mfukuze tu, mfungie, gusa mwili." Akacheza raundi tatu na mtu wa kwanza, raundi tatu na wa pili, wote wazito wenzake. Raundi ya saba ndipo akaingia kijana wetu.

Huyo kijana nitamwita Kinda. Alikuwa na miaka 17, kilo 60, mapambano saba ya ridhaa, na mkono wa kushoto ambao ulikuwa unanifurahisha kila nilipoushikia padi. Alikuwa hajatoka hata jasho. Katika raundi yake ya pili yule mkubwa alimfuata mpaka kona ya kushoto, akakanyaga pale palipolowa, mguu wa mbele ukamkimbia. Sekunde hiyohiyo Kinda alikuwa ameshaachia ngumi ya kushoto. Ikampitia juu ya sikio, kwenye kofia. Goti likagusa chini, mkono mmoja ukashika kamba. Mimi nilikuwa na saa mkononi, hatua mbili kutoka pale. Yule bwana akacheka, akanyanyuka, akagonga glovu ya Kinda akamwambia, "Safi, dogo," wakaendelea. Raundi ilipokwisha mwalimu wake akaomba tambara tufute maji.

Tuliokuwemo ndani hatukuzidi watu kumi na wawili.

Ijumaa nikiwa kwa kinyozi nikasikia kwamba Kinda amemwangusha yule bondia kwa ngumi moja. Wiki iliyofuata, kituoni, hadithi ilikuwa kwamba alimwagiwa maji ndipo akazinduka. Mwezi haujaisha mtu wa Mbagala akaniuliza kama ni kweli alipelekwa hospitali usiku. Nikamwambia hapana, turubai lilikuwa limelowa, aliteleza. Akanitazama kwa jicho la kusema huyu mwalimu anamwonea kijana wake wivu. Baada ya hapo niliacha kukanusha. Vijana wapya walikuwa wanaongezeka jimu, wazazi wanaleta watoto, na kila aliyeingia mlangoni aliuliza Kinda ni yupi. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ni sehemu ya yaliyofuata.

Hadithi ikamfikia promota. Kinda akatimiza miaka 18, mkataba ukaletwa, na pambano lake la kwanza la kulipwa likapangwa kuwa la raundi sita dhidi ya mtu aliyekwisha kupanda ulingoni zaidi ya mara ishirini. Kwenye karatasi Kinda alikuwa na sifuri: hana ushindi, hana kipigo, hana sare. Kama waliopitisha wangesoma karatasi peke yake wangeshtuka. Lakini kila aliyekaa pale alikuwa ameshasikia. Aliyepitishwa siku ile alikuwa yule kijana wa kwenye hadithi, na aliyepanda ulingoni alikuwa mtoto wangu wa mapambano saba.

Raundi mbili za kwanza alicheza vizuri. Ya tatu mwenzake akamsoma, akaanza kumpiga mwili, mikono ikashuka. Raundi ya nne alikula ngumi za kichwa ambazo mpaka leo naweza kuzihesabu. Nilikuwa kwenye kona yake na taulo begani, lile ambalo mwalimu hulitupa ulingoni pambano lisimamishwe. Nililishika. Mwenzangu wa konani akanishika mkono akasema, "Subiri mwalimu, huyu ndiye aliyemlaza fulani. Moja tu itabadilisha mambo." Watu wa mbele wanapiga kelele hiyohiyo. Raundi ilipoisha Kinda akaja kukaa, jicho limeziba, nikamwuliza kama tuache. Akaniambia, "Mwalimu, nikimpata moja tu, kama ya siku ile."

Kama ya siku ile! Na yeye alikuwepo siku ile. Alikanyaga maji yaleyale, aliniona nikifuta turubai. Mwaka mmoja wa kusifiwa mitaani ulikuwa umemfutia alichokiona kwa macho yake na kumwekea kumbukumbu nyingine.

Refa aliliacha pambano liendelee mpaka raundi ya tano. Simlaumu refa. Nadhani naye alikuwa anaisubiri ile ngumi.

Waheshimiwa, nimelifikiria taulo lile kwa miaka. Tumezoea kudhani kwamba uongo wa jimu ni porojo za vijana, haumdhuru mtu, ni sehemu ya raha ya mchezo. Mimi nimeuona ukishika mkono wa mwalimu. Kijana asiyejulikana akianza kuzidiwa, watu wanamwonea huruma mapema na pambano linasimamishwa. Kijana aliyetanguliwa na hadithi akizidiwa, ukumbi mzima unangoja muujiza, na huku wakingoja yeye anaendelea kupigwa.

Naomba sasa niwaeleze hadithi hizi zinavyotengenezwa, maana wengi wenu mlicheza zamani na mnajua, ila inaonekana tukishika madaraka tunasahau.

Sparingi ni kazi, na kila aliyemo ndani ana kazi yake tofauti. Mkubwa anaweza kuwa amekatazwa kutumia mkono wa kulia wiki nzima kwa sababu mwalimu anataka kuona wa kushoto. Anaweza kuwa ameambiwa akae kwenye kamba ajifunze kuzuia. Anaweza kuwa yuko kwenye wiki ya kupunguza uzito, hajala vizuri siku nne. Ameshachoka raundi sita, na kila baada ya raundi mbili au tatu anaingiziwa mtu mpya mwenye pumzi yake yote, kwa makusudi, ili achoke zaidi. Amevaa glovu za aunsi 16 wakati za pambano ni 8 au 10. Na akiwa mtu mzima mwenye utu, hampigi mtoto kwa nguvu. Mtoto upande wake hana kazi nyingine yoyote ila kuonekana. Anapiga kwa roho yake yote, kila ngumi ni mtihani wa maisha yake. Mtu wa pembeni haoni maagizo, haoni njaa, haoni raundi sita zilizotangulia. Anaona dogo anamsumbua bingwa.

Siku hizi wa pembeni ana simu. Anarekodi dakika tatu, anakata sekunde 12 alizozipenda, anazirusha. Zile nyingine, ambazo mkubwa alimfunga dogo kwenye kona na kumwachia bila kumpiga, zinafutwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea hapa hapa Afrika. Septemba 1974, kule Zaire, George Foreman alikuwa anajiandaa kupigana na Muhammad Ali. Siku nane kabla ya pambano, kwenye sparingi, kiwiko cha mshirika wake wa mazoezi, Bill McMurray, kilimpasua juu ya jicho. Pambano lililopangwa kufanyika tarehe 25 Septemba likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Jambo lile lilijulikana dunia nzima na waandishi walikuwepo, ndiyo maana tunajua kilikuwa kiwiko na tunajua nani alikuwa nani. Hakuna aliyemwita McMurray mshindi wa Foreman. Sasa fikirini tukio lile lingetokea kwenye ukumbi wetu wa mabati, mashahidi kumi na wawili, hakuna aliyeandika. Leo mngekuwa mnaambiwa kuna mtu alimpasua bingwa wa dunia jimu, na mjukuu wake angekuwa anadai pambano la raundi 10 kwa jina la babu.

Sitaki mdhani nasema hadithi zote ni za uongo. Zipo za kweli, na hizo ndizo zenye somo kubwa. Mapema mwaka 1961, Miami, kijana wa miaka 19 anayeitwa Cassius Clay, ndiye Muhammad Ali wa baadaye, aliingia kwenye sparingi na Ingemar Johansson, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu na aliyekuwa anajiandaa kurudiana na Floyd Patterson mwezi Machi. Clay alimchezesha mpaka watu wa Johansson wakasimamisha. Waandishi waliona. Kijana huyu tayari alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Roma ya 1960 na mapambano mengi ya ridhaa nyuma yake. Kama kuna hadithi ya jimu iliyostahili kumpandisha mtu daraja kesho yake, ni hiyo. Mwalimu wake Angelo Dundee alifanya nini? Hakumpeleka kwa Johansson wala kwa Patterson. Alimpandisha ngazi moja moja, mpinzani baada ya mpinzani, na taji alilipigania tarehe 25 Februari 1964, miaka mitatu baadaye.

Mike Tyson naye alionyeshwa kwa mwalimu mzee wa ngumi, Cus D'Amato, mwaka 1980 akiwa na miaka 13, akicheza raundi na mtu mzima, Bobby Stewart, aliyekuwa amemfundisha kwenye shule ya watoto watukutu. Mzee aliridhika na alichokiona. Halafu akamlea karibu miaka mitano, akampitisha kwenye mashindano ya ridhaa, akaacha apoteze huko mapambano yanayostahili kupotezwa, na pambano la kwanza la kulipwa likaja Machi 1985. Walimu wale waliona vipaji kuliko tunavyoviona sisi, na walichokiona kiliwafanya wachelewe makusudi.

Na kuna hadithi ya bondia Greg Page, ambayo nawaomba muisome mpaka mwisho. Januari 1990, Tokyo, Page alimwangusha Tyson kwenye sparingi, wiki chache kabla ya Tyson kupigwa na Buster Douglas tarehe 11 Februari. Hiyo ni kweli, na wapenzi wa ngumi wanaipenda kwa sababu inafanana na unabii. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Page aliendelea kupigana kwa miaka, na tarehe 9 Machi 2001, Kentucky, akiwa na miaka 42, alipigwa KO, yaani aliangushwa asiweze kuendelea, katika pambano dogo. Hapakuwa na gari la wagonjwa. Hapakuwa na hewa ya oksijeni. Ubongo ukavuja damu, akapooza upande mmoja, akafariki 2009. Serikali ya jimbo ilikubali kulipa dola milioni 1.2 kumaliza kesi. Mtu mwenye hadithi ya sparingi maarufu kuliko zote duniani aliangamia mahali ambapo wasimamizi hawakuweka kitu cha kawaida kabisa, gari la wagonjwa mlangoni.

Hapa kwetu, Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki baada ya pambano Dar es Salaam. Mungu amrehemu. Sisemi kifo chake kilitokana na sparingi wala na hadithi yoyote. Sijui hilo na sitalibuni. Namtaja kwa sababu baada ya msiba ule sote tulizungumza habari za ulingo wa siku ya pambano, na hakuna aliyeuliza habari za ulingo wa Jumanne jioni.

Fanyeni hesabu na mimi. Kijana wa jimu yangu akicheza sparingi raundi sita kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, ni raundi 18. Wiki 40 za mazoezi ni raundi 720 kwa mwaka. Kijana huyohuyo akipata bahati ya mapambano manne ya raundi sita, ni raundi 24. Zile 24 zina refa, daktari, mizani, majaji na mtu wa kuandika. Zile 720 zina mimi na saa yangu.

Kanuni za ngumi za ridhaa za kimataifa haziruhusu kijana wa miaka 15 au 16 kupigana na mtu wa miaka 19 na kuendelea. Makundi ya umri yametengwa, na wa miaka 17 na 18 wana kundi lao. Lakini mtoto huyohuyo mnayemkataza kwenye mashindano anaweza kuingia leo jioni na mtu wa miaka 30 kwenye jimu yoyote ya mji huu, na hakuna atakayeuliza, kwa sababu tunaita mazoezi. Ubongo haujui kwamba ni mazoezi. Tena madaktari wanatueleza kwamba ubongo uliotikiswa ukipigwa mara ya pili kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla na kuua, na wanaopatwa na hali hiyo zaidi ni vijana. Nimeona kijana akianguka Jumatatu, akasema anaona nyota, Jumatano akarudishwa ndani kwa sababu mgeni mkubwa amekuja na kila mtu anataka kuona kama atarudia. Hadithi ndiyo inayomrudisha. Bila hadithi angelala nyumbani.

Wilfred Benítez wa Puerto Rico alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17, mwaka 1976, na hiyo si porojo, ni rekodi, mpaka leo hakuna mdogo kuliko yeye. Alianza kulipwa akiwa na miaka 15. Baada ya kuacha ngumi amekuwa wa kulelewa na mama yake na kisha dada yake, kwa sababu ya ubongo ulioharibiwa na ngumi. Kama huyo, aliyekuwa kinda wa kweli kuliko makinda wote, ubongo wake haukupewa msamaha, hawa wetu wa kusimuliwa wataupata wapi?

Naja kwenye ninachowaomba.

Kila jimu iliyosajiliwa iwe na daftari la sparingi. Daftari la kaunta la kawaida. Mwalimu aandike tarehe, nani na nani, umri, kilo, glovu za aunsi ngapi, raundi ngapi, mwalimu aliagiza nini, nani alianguka na aliangukaje. "Aliteleza, turubai limelowa" ni maneno matatu manne. Yangetosha kumwokoa Kinda kama ningeyaandika usiku ule na mtu akawa na wajibu wa kuyasoma. Mtasema jimu nyingi hazina hata ulingo, tutazidai vipi madaftari? Nami nasema daftari ni rahisi kuliko glovu, na mwalimu asiyeweza kuandika mistari miwili kwa siku kuhusu kichwa cha mtoto wa mwenzake asipewe watoto.

Kijana wa chini ya miaka 19 asicheze sparingi ya nguvu na bondia wa kulipwa. Akihitajika kwa ajili ya wepesi wake, iwe ya kugusa tu, na mwalimu wa kijana ndiye awe na neno la mwisho, hata kama mgeni ni bingwa na amekuja na posho. Najua posho ile. Najua inanunua mchele. Ndiyo maana naomba iwe kanuni, ili mwalimu maskini awe na kitu cha kusingizia anapokataa.

Aliyeanguka jimu kwa ngumi ya kichwa apumzike siku zilezile ambazo angepumzishwa kama angeanguka kwenye pambano, siku 30 kwa uchache, na taarifa ifike kwenu. Leo kijana anaweza kuzimia kwenye mazoezi Alhamisi na kupima uzito Ijumaa ya wiki inayofuata bila daktari wenu kujua chochote.

Na mnapopitisha pambano, someni karatasi. Kijana ana mapambano mangapi ya ridhaa, alipigana na nani, nani aliamua. Akiwa hana, aanze na raundi nne na mtu wa ngazi yake, hata kama mji mzima unaapa kwamba alimlaza fulani. Promota akileta hadithi, mwulizeni maswali ambayo mimi sikuulizwa. Nani alikuwepo na anaitwa nani? Walipishana kilo ngapi? Mkubwa alikuwa kwenye raundi ya ngapi? Aliambiwa afanye nini? Hadithi ikikosa majibu hayo, iondoeni mezani pamoja na bango lake.

Msiseme jimu ni nyumba ya watu na kamisheni haiwezi kuingia. Septemba 2014 tume ya michezo ya Nevada ilimwita Floyd Mayweather, bondia aliyekuwa analipwa kuliko wote, baada ya televisheni kuonyesha vijana kwenye jimu yake wakipigana raundi ya dakika 31 bila kupumzika. Akasimama mbele yao akaeleza kwamba mapumziko yalikuwepo na kilichoonyeshwa kilitengenezwa kwa ajili ya kipindi. Angalieni faida ya swali moja tu. Kwa maneno yake mwenyewe hadithi ilikuwa ya kutengenezwa, na iliyomtoa maelezo hayo ni tume iliyothubutu kuuliza.

Hatujakosa njia ya kujua nani anaweza. Michael Yombayomba alirudi na dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walileta shaba kutoka Birmingham mwaka 2022. Kila hatua yao ina jina la mpinzani na majaji waliokaa pembeni. Na tarehe 8 Septemba 2018, Birmingham hiyohiyo, Hassan Mwakinyo aliitwa kuziba pengo dhidi ya Sam Eggington, mbele ya watu waliokuwa hawalijui hata jina lake. Raundi ya pili refa akasimamisha. Hakuhitaji shahidi wa kwa kinyozi. Tuliona sote, na atakayezaliwa miaka hamsini ijayo ataweza kuona.

Kinda yuko hai. Anafanya kazi gereji, mikono yake bado mizuri, mafundi wanampenda. Mteja akimweleza tatizo la gari anaandika kwenye kiganja kwa kalamu, maana akisubiri dakika kumi limeshapotea. Kichwa kikimwuma anakaa gizani, mama yake anafunga madirisha na kuwatuma wadogo zake nje. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alinisalimia vizuri, "Shikamoo mwalimu," akaniletea kigoda. Tukaongea habari za watu wa zamani. Kisha akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama nakumbuka ile siku alipomwangusha yule bwana. Nikamwambia ukweli. Nikamweleza bati, ndoo, maji, goti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa nini hukuniambia mapema?"

Tangu jioni ile naandika. Daftari langu la kwanza limejaa, niko kwenye la pili. Majina, kilo, raundi, aliyeanguka na aliyeteleza. Siku mtakayoita walimu kuzungumzia jambo hili nitakuja nayo yote mawili, mkae nayo mezani mfungue ukurasa wowote.

Wenu katika mchezo,
Mwalimu wa ngumi, Temeke